Fomula Kwenye Daftari
Wiki hii, kwenye kibaraza cha duka la kutoa fotokopi mjini Koboko, nilimkuta msichana wa kidato cha sita akichora jedwali kwa rula. Ndani ya kisanduku cha mwisho aliandika kwa kalamu: =SUM(B2:B9). Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa vitendo wa ICT. "Shuleni tunakaa wanne kwenye mashine moja, mzee wangu, na umeme ukikatika kipindi kimekwisha," aliniambia, kisha akaendelea kuchora. Siku ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huenda akatakiwa kuandaa waraka, jedwali la hesabu, hifadhidata au slaidi, tena kwa dakika za kuhesabu. Sisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, twaijua habari ya umeme: kwa miaka mingi ukanda wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa jenereta za mafuta na bwawa dogo la Nyagak, megawati 3.5 tu. Mwandiko wa yule binti ulikuwa safi na fomula haikuwa na kosa, lakini kuogelea hakufundishwi ukingoni. Vidole navyo vina masomo yake. Kumtahini mtoto kwa mashine ambayo hapati nafasi ya kutosha ya kuigusa ni dhuluma, nami nalisema hilo bila kuuma maneno. Wakuu wa shule zenye maabara za kompyuta, Arua na Koboko, wafungulieni milango watoto wa shule jirani kila Jumamosi. Novemba, mwezi wa mtihani, haiko mbali.