Asilimia 50 ya nini? Nguvu ya efekti na uso wa bibi

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi Ukunda, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Disemba na leo nimeamua kulitoa. Ni kuhusu zile slaida za kupunguza na kuongeza nguvu ya efekti kwenye video. Najua linaonekana dogo. Nisikilizeni kwanza.

Binamu yangu aliolewa Msambweni. Harusi ilifana, sina neno. Baadaye kijana aliyepiga video akaleta flashi, tukajaa sebuleni kwa mamangu mdogo, wengine mkekani, tukawasha tivii. Bi harusi akatokea mweupe pe, ngozi imelainika kama sahani ya kaure. Bibi akatazama, akatazama, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, bi harusi mwenyewe atatoka saa ngapi?" Tulicheka mpaka machozi. Mara akatokea bibi mwenyewe, amejifunga leso yake, anacheka na wenzake, na mikunjo yote ya uso wake imefutwa. Hapo hakuuliza kitu.

Bibi alifariki mwezi wa tatu. Mamangu mdogo akanipigia simu: "Wewe si umesomea kompyuta? Turudishie uso wake." Nikamtafuta yule kijana nimwombe video asili, kabla ya efekti. Kadi ilishafutwa, akaendea harusi nyingine. (Simlaumu sana, kadi ni pesa, na hakuna aliyemwambia aweke.) Kwa hiyo video ile ndiyo pekee tuliyo nayo ya bibi akitembea na kucheka.

Nilijaribu. Rangi nilizirudisha kiasi. Lakini pale mwanga uliposukumwa mpaka mwisho wa mizani, mia na mia na ishirini zote zimekuwa mia, na hakuna hesabu ya kuzitenganisha tena. Mikunjo nayo ilishasambazwa kwenye pikseli jirani. Ikisharendwa, imekwisha.

Sasa tuingie jikoni. Programu karibu zote za kuunganisha picha zina njia ya kuchanganya picha asili na picha iliyofanyiwa efekti. Kwenye After Effects utaona palipoandikwa Blend With Original, au unapunguza Opacity ya leya ya marekebisho. Kwenye Nuke ni mix, chini kabisa ya nodi. Kwenye Fusion ni Blend. Majina mengi, hesabu moja: chukua asili mara (1 − m), jumlisha iliyobadilishwa mara m. Pikseli yenye 60 ambayo efekti imeipeleka 120, ukiweka m kuwa 0.4 utapata 36 + 48, yaani 84. Basi. Hesabu hii ni ndugu wa ile ya kuweka picha juu ya picha ambayo Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm waliiandika mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo tunayoilia ugali.

Tatizo langu haliko kwenye hesabu hiyo. Tatizo ni namba inayoandikwa pembeni ya slaida, maana watu wanaiamini. Unaweka 50, unadhani umefanya "nusu". Nusu ya nini?

Chukua efekti ya kung'arisha kwa gama ya 1.4, kwa mizani ya 0 hadi 1. Shavu la mtalii mweupe aliyesimama juani pale Diani, tuseme lina 0.7. Litapanda hadi 0.775, ongezeko la asilimia 11 hivi. Shavu la bibi yangu chini ya turubai, tuseme 0.2, litapanda hadi 0.317. Hilo ni ongezeko la asilimia 58! Efekti ileile, slaida palepale. Haya, vuta slaida urudi nusu: mtalii amebadilika kwa asilimia 5, bibi bado ni asilimia 29. Yaani hata nusu yake kwa bibi ni kubwa kuliko nzima ya mtalii. Aliyejifunza kazi kwa video za mafunzo zenye nyuso nyeupe, akanakili namba zilezile, hajanakili nguvu ileile hata kidogo.

Na kuna efekti ambazo kuchanganya hakufai kabisa. Ukungu, kwa mfano. Ukichanganya nusu ya picha kali na nusu ya picha yenye ukungu mzito hupati ukungu mwepesi, unapata picha kali iliyofunikwa moshi. Zile za kukondesha uso ndiyo balaa, ukichanganya nusu unapata mtu mwenye mashavu mawili kila upande. Huko ingia ndani ya efekti yenyewe, punguza upana wa ukungu au kiasi cha kuvuta. Programu zinaziweka slaida hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja, nami kama mwandishi wa programu naona huo ni uvivu wetu.

Najua mtakachosema: wateja wenyewe ndio wanaotaka weupe. Kweli. Binamu yangu aliipenda video yake, nami sina haki ya kumpangia sura yake siku ya harusi yake. Lakini efekti iliwekwa kwenye leya moja juu ya video nzima, ikampitia kila aliyepita mbele ya kamera. Bibi hakuomba. Angechorewa bi harusi maski, efekti ikamfuata yeye peke yake, ingekuwa kazi ya ziada, ndiyo, ila leo nisingekuwa naandika haya.

Wala sizichukii efekti kali. Wanaopiga video chini ya maji kule Kisite wanalazimika kuisukuma rangi nyekundu kwa nguvu, kwa sababu maji humeza nyekundu kabla ya bluu, na asipofanya hivyo samaki wote watatoka kijivu. Pale nguvu nyingi inarudisha kilichochukuliwa.

Ninachokitaka mimi ni programu inionyeshe namba ya pili: uso huu umesogea kiasi gani kutoka ulipokuwa. Nimeanza kuandika kiprogramu kidogo kwa Python kinachopokea fremu asili na fremu iliyorendwa, unachora kiboksi juu ya uso, nacho kinakupa wastani wa mabadiliko ndani ya kiboksi hicho. Bado kinanisumbua uso ukigeuka pembeni. Kikikaa sawa nitakiweka hapa mkipakue bure.

Mamangu mdogo nimempelekea nilichoweza: sekunde kumi na moja ambapo bibi yuko nyuma kabisa, kwenye kivuli cha mwembe, na efekti haikumfika vizuri. Amesema huyo ndiye. Sasa hivi naijaribu kuikuza bila kuongeza kitu, na stima imeanza kuchezacheza, kwa hiyo acha nisevu kwanza.