Miguu ya Mongbwalu Ni Kazi Yetu Sote

Ndugu wakaaji wa Mongbwalu, baba zetu na mama zetu, vijana wa mashimoni, walimu, wauzaji wa sokoni, viongozi wa makanisa na misikiti: nawaandikia juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua lakini vikao vyetu hulipita. Ni maumivu ya miguu.

Mji huu unaishi kwa kutembea. Tunakwenda kwa miguu shimoni, mtoni, shambani, sokoni, shuleni na kanisani. Kutoka hapa hadi Bunia ni zaidi ya kilomita 80, na wako kati yetu waliozimaliza kwa miguu bila kupenda. Katika vita vya 2002 na 2003, mji ulipotekwa na kundi hili kisha lile, wengi waliookoka waliokolewa na miguu yao. Kabla yao walikuwapo wazee wa wazee wetu: dhahabu ilipogunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903 hapakuwa na barabara ya magari, na mizigo ya migodi ilipanda milima yetu juu ya vichwa vya wapagazi. Utajiri wa nchi hii ulibebwa na nyayo za watu.

Hata hivyo, mtu akiumwa malaria jirani humsindikiza kwenye kituo cha afya, bali akiumwa kisigino huambiwa ni uchovu, utaisha. Naye hunyamaza, huchechemea, na hatimaye hukaa. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Naomba tusingoje kilio.

Tuanze kwa kuelewa. Wayo mmoja una mifupa 26, na chini yake kuna utando mnene wa nyuzi unaotoka kwenye kisigino hadi kwenye vidole. Utando huo ndio unaoshikilia upinde wa wayo. Mtu anayebeba mzigo mzito kila siku, anayesimama saa nyingi juu ya ardhi ngumu, au anayevaa kandambili iliyolika hadi kuwa nyembamba kama karatasi, huuchosha utando huo mpaka unapata majeraha madogo karibu na kisigino. Usiku ukilala nao hujikaza. Asubuhi hatua ya kwanza huuvuta kwa ghafla, ndipo mtu anahisi kama amekanyaga msumari. Mama huamka akashika fremu ya mlango, akatanguliza vidole, akasogea hivyo hadi jikoni. Akifika huko maumivu yamepungua. Anadhani yamekwisha, anatwika ndoo, anaondoka. Jioni yanarudi yakiwa makali zaidi.

Hapo wengi wetu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza hujilazimisha, akitembea kama jana na juzi mpaka mguu unakataa kabisa. Wa pili huacha kutembea moja kwa moja. Huyu naye anajiumiza, maana misuli ya miguu hulegea, uzito huongezeka, na shinikizo la damu na kisukari hupata nafasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kiasi kunatosha kabisa. Kwetu sisi tena, kutembea ndiyo riziki yenyewe. Hatuwezi kumwambia muuza mihogo akae nyumbani miezi sita.

Njia iliyo katikati ni kupunguza bila kuacha. Kipimo chake ni asubuhi inayofuata. Ukitembea na maumivu yakabaki madogo, na kesho yake ukaamka bila kuzidiwa, endelea hivyo hivyo. Ukiamka umezidiwa, basi umbali wa jana ulikuwa mkubwa au mzigo ulikuwa mzito: punguza, gawanya safari mara mbili, pumzika katikati. Kabla ya kushuka kitandani, kunja mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka wayo unyooke, hesabu hadi kumi, rudia mara kumi. Mchana simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, kisha egemea mbele mpaka misuli ya nyuma ya mguu ivutike. Jioni viringisha chupa yenye maji baridi chini ya wayo kwa dakika kadhaa. Haya hayagharimu hata faranga moja. Yanataka uvumilivu tu, kwa sababu kisigino hupona kwa miezi, si kwa siku.

Mwenda pole hajikwai. Lakini nani atakwenda pole kama njia yenyewe inamlazimisha kuruka?

Tazameni mitaro inayokata njia zetu za kupita baada ya mvua. Mtu anafika na ndoo kichwani au mtoto mgongoni, anasita, anaruka, na uzito wote unatua juu ya kisigino kimoja. Watoto wa shule wanaruka hapo, wajawazito wanaruka, wazee wanaruka. Ubao mmoja imara ungetosha. Na kila mmoja wetu anapita akisema moyoni: kuna mtu ataweka. Mazoezi ya kitandani kila mtu atayafanya mwenyewe. Ubao wa mtaroni ni wetu sote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni salongo. Salongo tunaijua tangu enzi za Zaire, na bado tunajua kushika jembe na koleo pamoja. Mashefu wa kartye na wa avenyu, itisheni salongo ya njia za miguu. Siyo barabara kuu inayongoja mashine. Ni vile vichochoro vinavyokwenda kisimani, shuleni, sokoni na kwenye kituo cha afya. Tujaze mashimo kwa changarawe, ambayo mji wa wachimbaji hauwezi kuikosa. Tukate ngazi kwenye miteremko ya udongo mwekundu unaoteleza. Tuokote vioo na misumari. Maseremala watoe vipande vya mbao vilivyobaki, vijana wavipigilie juu ya mitaro. Tuanze na njia inayopitwa na watu wengi zaidi, tuimalize, ndipo tuende kwenye nyingine.

Ombi la pili nalielekeza kwa ndugu zetu wa mashimoni na mitoni. Mnasimama majini toka asubuhi. Jioni mkivua bote za mpira, ngozi ya nyayo imekuwa nyeupe na imejikunja, na katikati ya vidole imepasuka. Mpasuko huo ni mlango wa fangasi na wa vijidudu vinavyovimbisha mguu mzima. Kila timu ya shimo ikubaliane mambo matatu: saa ya mapumziko watu wavue bote na kukausha miguu, kila mtu awe na soksi kavu za kubadilisha, na asiwepo mtu anayelala na bote mbichi miguuni. Wakubwa wa mashimo, mnaonunua koleo na mafuta ya mashine, wekeni pia kitambaa safi, sabuni na maji ya kunawa. Mchimbaji asiyeweza kusimama hana faida kwenu wala kwa watoto wake.

Ombi la tatu ni kwa ajili ya watoto, ambao miguu yao huingiwa na funza. Funza hawakuwa wa Afrika. Waliingia Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamefika Bahari ya Hindi, wakifuata njia za misafara, mguu hadi mguu. Walisambaa kwa sababu tunaishi pamoja, na kwa sababu hiyo hiyo hawaondoki nyumba moja ikijisafisha huku ya jirani ina vumbi na nguruwe ndani ya ua. Avenyu nzima imwagie sakafu za udongo maji na kuzifagia siku moja. Viatu vilivyowabana wakubwa wapewe wadogo. Mafundi wa viatu watenge saa moja ya kushona viatu vya wanafunzi, sisi wengine tuwaletee uzi na mpira wa matairi. Na mtoto mwenye funza asichekwe darasani wala kuchokolewa kwa pini inayopita kutoka mguu hadi mguu. Apelekwe kwa muuguzi.

Sasa wauguzi wetu. Nawaombeni mje kwenye salongo, mkae chini ya mti, watu wakimaliza kazi wawaonyeshe miguu. Wafundisheni dalili zisizongoja: mguu mmoja uliovimba na kuwa moto, kidonda kisichofunga kwa wiki mbili, ganzi, mguu usioweza kukanyaga baada ya kuanguka. Mwenye kisukari ajifunze kutazama nyayo zake kila jioni, maana anaweza kukanyaga kioo asisikie. Na aliyechomwa na msumari aje siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya pepopunda, hata kama tundu ni dogo na damu imekauka.

Najua atatokea wa kusema: tuna shida ya usalama, bei za vyakula, barabara ya Bunia, na wewe unatuletea habari za visigino? Nitamjibu kwa heshima. Asiyeweza kutembea hafiki hospitali, hafiki sokoni, hafiki kwenye mkutano wa kudai hiyo barabara. Na katika Ituri yetu, ambako bado kuna siku watu hulazimika kuacha nyumba na kukimbia, mzee anayechechemea ndiye anayebaki nyuma. Kutunza miguu ya jirani ni sehemu ya kulinda uhai wake.

Ndugu zangu, tusingoje mradi wala bango la shirika. Jumapili hii, kanisani, mtaje mtaro mmoja unaowasumbua. Ijumaa, msikitini, mfanye vivyo hivyo. Shefu wa avenyu aandike majina ya watakaoleta mbao, watakaoleta misumari, watakaokuja na koleo. Jumamosi saa moja asubuhi tukutane hapo, tufanye kazi mpaka ubao ukae sawa, kisha tuuvuke mmoja mmoja, tukianza na wale wanaoumwa.