Oili ya pikipiki imebadilishwa, ile chafu iko wapi?

Jumapili mchana, ibada imekwisha na chakula kiko jikoni. Katika nyumba nyingi za Uyole jijini Mbeya na Ipogolo mjini Iringa, huo ndio wakati wa kuishughulikia pikipiki. Baba ameisimamisha uani, mikono ya shati ameikunja, spana iko chini. Mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa pembeni, macho yote kwenye beseni ambamo mafuta meusi yanachuruzika.

"Baba, hiyo ni soda?"

"Hapana mwanangu, ni oili. Kaa mbali, utachafuka."

Nusu saa baadaye kazi imekwisha. Ile oili chafu imemiminwa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa na kuwekwa nyuma ya mlango wa stoo, kwa kuwa itafaa kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Baba ameingia ndani kula. Mtoto amebaki uani.

Kubadilisha oili nyumbani si kosa. Familia inaokoa fedha ya fundi, na mwenye pikipiki anaona kwa macho yake kwamba oili iliyoingia ni mpya kweli. Tatizo ni pale mzazi anapodhani kazi imekwisha bolti ilipokazwa. Kwa nyumba yenye watoto, kazi inakwisha pale oili chafu inapokuwa mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia.

Anza na watoto, kisha pikipiki

Kabla ya kushika spana, watoto waondoke eneo la kazi na awepo mtu mzima wa kuwaangalia. Injini hupashwa moto kidogo ili oili iwe nyepesi na itoke yote, na hapo bomba la moshi nalo huwa la moto. Mtoto hahitaji zaidi ya kuliegemea kwa sekunde moja kupata jeraha kwenye ndama ya mguu.

Akiungua, eneo hilo limwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si ute wa yai. Lengelenge lisitumbuliwe. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, apelekwe kituo cha afya.

Kuna jambo jingine linalohusu mikoa hii ya baridi. Miezi ya Juni na Julai, wengi hulaza pikipiki ndani kwa kuhofia wezi, na asubuhi huiwasha humohumo sebuleni ili ipate moto. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaweza kuua watu waliolala chumba cha pili. Pikipiki isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe.

Hatua za kazi yenyewe

Soma kitabu cha pikipiki ujue aina ya oili na kiasi kinachohitajika. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinazotumiwa hapa nchini huchukua kama lita moja, lakini kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji. Oili ya gari isitumike kwa kubahatisha. Kwenye pikipiki nyingi klachi huloweshwa na oili ileile ya injini, na oili isiyofaa huifanya iteleze. Kwenye kopo la oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo, tafuta maandishi JASO MA au MA2.

Washa injini nje kwa dakika mbili au tatu, kisha izime na usubiri kidogo. Oili iwe na uvuguvugu, isiwe ya kuunguza. Simamisha pikipiki wima mahali pa tambarare, weka beseni chini ya injini, fungua kifuniko cha juu, kisha legeza bolti ya chini taratibu. Iache ichuruzike mpaka itoe matone tu.

Futa bolti, angalia washa yake kama bado nzima, kisha irudishe kwanza kwa vidole ndipo ukaze kwa spana. Kukaza kupita kiasi huharibu nyuzi za bolti, na kulegeza huleta hatari nyingine: oili hudondoka na kurushwa kwenye tairi la nyuma. Kwa anayeshuka Iwambi au Kitonga akiwa amempakia mama na mtoto, tairi lenye oili ni ajali inayosubiri kutokea.

Mimina oili mpya, funga kifuniko, washa injini kwa dakika moja, izime, subiri, kisha pima. Oili inapaswa kuwa kati ya alama ya chini na ya juu. Chungulia chini uone kama kuna tone lolote.

Chupa ya maji ndiyo adui

Sasa imebaki ile iliyo kwenye beseni. Hapa ndipo chupa ya maji au ya soda huingia, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mtoto mdogo hasomi maandishi na hajui harufu ya hatari. Anachojua ni kwamba chupa ya namna hiyo hunywewa. Oili mpya nayo ina rangi ya asali, na ikiwa ndani ya chupa ya juisi hata mtu mzima anaweza kudanganyika.

Mara nyingi pembeni ya oili kuna chupa nyingine: petroli kidogo ya kusafishia vyuma. Hiyo ni mbaya zaidi. Petroli, kama mafuta ya taa, ni nyepesi sana. Mtoto akipaliwa nayo, huteleza na kuingia kwenye mapafu, na kiasi kidogo tu kinatosha kuyaunguza na kuleta homa kali ya mapafu. Oili ya injini ni nzito, kwa hiyo haiingii mapafuni kwa urahisi kama petroli, lakini mtoto akitapika au kupaliwa inaweza kuingia. Oili chafu ina pia chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini na masalia ya mafuta yaliyoungua.

Mtoto akinywa, mambo manne yanahitajika haraka.

Kwanza, usimtapishe. Usimtie vidole kooni, usimpe maji ya chumvi. Kilichoshuka salama tumboni kinapopandishwa tena ndipo kinapopata nafasi ya kuingia mapafuni.

Pili, usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kula. Imani kwamba maziwa huua sumu imeenea sana, lakini kwa petroli na oili hayasaidii, na yanaweza kumfanya atapike.

Tatu, mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele au mlaze kwa ubavu.

Nne, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ukibeba chupa yenyewe ili mhudumu ajue alichokunywa. Akiwa anakohoa, anapaliwa, anapumua haraka au kwa shida, midomo imebadilika rangi, au amelegea na kusinzia, hiyo ni dharura. Asiyeonyesha dalili naye apelekwe, kwa sababu shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati nyumba nzima imeshapumua na kusema "afadhali, hakunywa nyingi."

Mikono ya baba

Ngozi nayo ina hesabu yake. Oili iliyotumika, inapogusa ngozi mara kwa mara kwa miaka, huikausha, huipasua na kuziba vinyweleo. Katika majaribio ya maabara, panya waliopakwa oili chafu ya injini kwa muda mrefu walipata saratani ya ngozi. Uingereza ilijifunza jambo linalofanana na hilo mwanzoni mwa karne ya 20, pale wafanyakazi wa viwanda vya kusokota pamba huko Lancashire, ambao nguo zao zilikuwa zikilowa mafuta ya mashine, walipoonekana kupata saratani ya ngozi ya korodani.

Anayebadilisha oili mara moja kwa mwezi hana sababu ya kuogopa kupita kiasi. Kijana wa gereji anayeshinda humo kila siku ana sababu kubwa zaidi ya kujikinga. Kwa wote wawili kanuni ni zilezile: vaa glavu, na zikikosekana, funga mikono kwa mifuko myepesi ya plastiki. Usinawe kwa petroli, kwa sababu huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Paka mafuta kidogo ya kula, sugua, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni. Kitambaa chenye oili kisiwekwe mfukoni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto. Baba abadili shati kwanza, ndipo ampokee mtoto.

Isiende mferejini

Wapo wanaomwaga oili chafu nyuma ya choo, mferejini au barabarani ili kutuliza vumbi. Haipotei. Huzama ardhini au husombwa na mvua hadi mtoni. Mji wa Iringa hupata maji yake kutoka Mto Ruaha Mdogo, na familia nyingi za vijijini bado hunywa maji ya visima na chemchemi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hueleza kwamba oili inayotoka kwenye gari moja kwa kubadilishwa mara moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi.

Hata kuipaka kwenye nguzo si njia salama. Oili hutiririka kwenye udongo ambao mama amepanda mboga, na watoto huishika wanapocheza uzioni. Isichomwe pia, wala isitumike kuwashia jiko.

Njia nzuri ni hii. Imimine kwenye dumu ilimokuja oili mpya, lifunge vizuri, andika OILI CHAFU kwa maandishi makubwa, na ulifungie mahali pa juu. Likijaa, lipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu kwenye mapipa, na uulize huwa wanaipeleka wapi. Iliyomwagika uani imwagiwe maranda au mchanga, kisha izolewe. Beseni lililotumika lisirudi jikoni wala bafuni. Litobolewe tundu dogo ukingoni, lining'inizwe stoo, na kila mtu nyumbani ajue ni la oili tu.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, mzazi azunguke stoo, nyuma ya mlango wa jikoni na chini ya kitanda. Kila chupa ya maji, juisi au soda yenye oili, petroli au mafuta ya taa iondolewe, na kilichomo kihamishiwe kwenye chombo chenye alama kitakachofungiwa juu. Ni kazi ya dakika kumi, na haihitaji spana.