Mitumbwi ya Plastiki Nayo Yataka Mafundi

Ukishuka ufuoni chini ya Mji wa Kale, Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, utaona vyombo vya zama tatu vimelazwa pamoja. Lipo hori la mwembe lililopauka kwa chumvi. Ipo mashua ya faiba yenye mashine nyuma. Na siku hizi, mara moja moja, upo mtumbwi wa plastiki: rangi yake ya manjano imefifia, tumbo limekwaruzwa na mawe, na ubavuni una ufa uliozibwa kwa gundi, kipande cha champali na waya.

Mtumbwi wa namna hiyo haukuundwa kwa ajili ya mvuvi. Uliundwa kwa ajili ya mtu wa kupiga makasia kwa starehe, asubuhi, bahari ikiwa shwari. Ulipochakaa uliuzwa, na aliyeununua ana shida nyingine kabisa. Anataka umfikishe kwenye miamba na mshipi wake, umrudishe na samaki wa kuuza, na kesho yake umpeleke tena.

Wapo wanaoucheka. Wanasema hilo si dau wala si ngalawa, ni beseni lenye ncha mbili, na kwamba kuwaona vijana wa Mombasa wakihangaika nalo ni dalili ya utamaduni wetu wa bahari kwisha. Nasema wazi tangu mwanzo kwamba siko upande wao. Kinachonisumbua mimi ni ule ufa uliozibwa kwa gundi.

Tukizungumza vyombo huku kwetu tumezoea kusifu uundaji. Tunawataja waundaji wa majahazi kama tunavyowataja washairi. Aliyekitengeneza chombo mwaka baada ya mwaka hatumtaji, ingawa bila yeye jahazi lile lisingeona kaskazi ya tatu. Kwa hakika, historia ya bahari yetu ni historia ya kutengeneza kuliko kuunda. Periplus, kile kitabu kidogo cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja katika pwani hii. Chombo cha kushonwa kiliendelea kwetu hadi mtepe, ambao mbao zake ziliungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kamba zilipochoka zilifumuliwa, ubao ukashonwa upya. Mikono iliyojua kuunda mtepe ndiyo iliyojua kuutengeneza.

Misumari ilipotawala, fundi hakufunga kazi. Alijifunza kukalafati: kuingiza pamba iliyotiwa mafuta baina ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha kulipaka tumbo la chombo deheni ya shahamu na chokaa ili mdudu wa baharini asitoboe. Mashine ilipokuja, akaikata tezi na kuiimarisha ili mashine ipate pa kukaa. Faiba ilipokuja, baadhi yao wakajifunza resini na kitambaa chake, ijapokuwa vumbi lake linawasha ngozi na kuumiza kifua. Kila mara kitu cha kuundia kilibadilika na fundi akabaki. Kwa nini basi leo, ilipokuja plastiki, tumwambie mwenye mtumbwi ajitafutie gundi dukani?

Atakayesema kwamba plastiki na ufundi wa Kiswahili havikai pamoja namkumbusha Lamu. Mwezi wa Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, lilishushwa majini huko dau liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 hivi. Lilitengenezwa kwa takribani tani 10 za taka za plastiki zilizookotwa, na mwili wake ukafunikwa kwa vipande vya champali 30,000 hivi. Aliyeongoza ujenzi ni Ali Skanda, fundi wa Lamu aliyelelewa katika kazi ya mbao. Mkuku ni plastiki, mataruma ni plastiki, ubao ni plastiki. Mapema mwaka 2019 dau hilo lilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 dau hilohilo likaonekana katika Ziwa Viktoria. Lengo la safari lilikuwa kuwaonya watu juu ya taka, nalo ni lengo jema. Mimi nilichokiona zaidi ni kwamba fundi wa mbao aliishika plastiki kwa msumeno na randa, akaisoma tabia yake, akaishinda.

Lakini dau la maonyesho ni moja, na mitumbwi iliyochakaa ina wenyewe wanaosubiri kula. Hapa ndipo penye neno.

Plastiki ya mitumbwi hii mingi ni polithini, jamaa ya ile ya mitungi ya manjano ya lita 20 ambayo kila nyumba ya Mji wa Kale inayo. Polithini ina kiburi: haikubali gundi. Haikubali resini ya faiba pia. Ukiipaka itaonekana imeshika, itakauka vizuri, utaipiga kwa kidole na kuridhika. Siku ya tatu, mtumbwi ukishajipinda kwenye mawimbi, kiraka kinabanduka kizima kama ganda la ndizi. Rangi nayo ni vivyo hivyo, ndiyo maana utaona mtumbwi ulioandikwa jina mwezi uliopita leo umebaki na herufi mbili.

Dawa ya polithini ni moto, na polithini nyingine. Huchomelewa kama chuma, ila kwa joto la chini zaidi. Kwanza mtumbwi huoshwa kwa maji baridi chumvi yote itoke, ukaushwe kabisa. Kisha kwenye kila ncha ya ufa hutobolewa tundu dogo kwa keekee, kwa maana ufa wa plastiki hutembea, na tundu la mviringo huusimamisha. Kingo za ufa hukwanguliwa mpaka lionekane tabaka jipya linalong'aa, kwa kuwa tabaka la juu limeungua na jua na halitashikana na kitu. Halafu ndipo joto: pasi ya kuchomelea au bomba la hewa moto, si ndimi za moto wazi ambazo huiunguza plastiki na kutoa moshi wa sumu. Kingo na kijiti cha plastiki huyeyushwa kwa pamoja, vikishikana huachwa vipoe polepole bila kumwagiwa maji.

Kijiti hicho kitoke wapi? Hapo ndipo wengi hukosea. Plastiki hushikana na ya aina yake tu. Kijiti bora hukatwa kwenye mtumbwi wenyewe, mahali pasipo na kazi, mathalani ukingo wa mfuniko. Mtungi wa maji waweza kufaa, lakini hujaribiwa kwanza: chomelea kipande kidogo mahali pa siri, subiri kipoe, kisha vuta kwa koleo. Kikibanduka kizima, tafuta kingine. Ipo pia mitumbwi ambayo plastiki yake ilipikwa kiwandani kwa namna ya kutoyeyuka tena. Hiyo ukiitia moto inaungua tu. Na upo ule ambao jua limeshaumaliza. Ukiukwaruza unatoa unga kama chaki, ukiubonyeza unalia. Huo usichomelewe. Wenye kuurudisha baharini kwa huruma ya bei wanamtafutia mtu maafa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nje ya miamba hakuna ukuta wa kujenga.

Baada ya kuziba hufuata kuubadili mtumbwi ufae kazi, na hapa nakiri kwamba napendezwa sana. Mtumbwi wa starehe ni mwembamba, mwepesi, na hupinduka mvuvi anapoinama kumtoa samaki. Dawa ya hilo tunayo tangu zamani: mirengu, zile mbao za pembeni za ngalawa. Wataalamu wengi wanaamini kwamba elimu hiyo ilitufikia na mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki walioivuka Bahari ya Hindi, nasi tukaifanya yetu. Kufunga mirengu kwenye mtumbwi wa plastiki ni kitendo cha Kiswahili kama kuvaa kanzu juu ya suruali.

Lakini hata hapo yataka fundi. Aliyezoea mbao atapiga msumari, na msumari katika plastiki hulegea kwa juma moja. Yatakiwa bolti inayopita upande wa pili, yenye washa pana na kipande cha mpira chini yake, ili uzito usambae. Tena tundu litobolewe juu ya mstari wa maji. Plastiki hupanuka juani na kujikunja usiku, kwa hiyo bolti isikazwe kupita kiasi. Kiti cha mvuvi kikae chini, kwa kuwa kila inchi ya kiti kuwa juu ni inchi ya kuyumba. Kasha la barafu likae katikati. Na omo na tezi zijazwe chupa au mitungi mitupu iliyofungwa barabara, ili chombo kikijaa maji kielee na mwenyewe apate pa kushika. Polithini yenyewe huelea. Mashua ya faiba isiyo na maboya ndani, ikijaa, hushuka. Kwa jambo hilo moja, beseni lao lenye ncha mbili laweza kuwa na adabu kuliko mashua ya fahari.

Sasa niseme lililonitoa nyumbani kuandika. Kazi hizi zote zataka mahali. Haziwezi kufanywa juu ya matope baina ya kupwa na kujaa, mtu akikimbizana na maji, bila kivuli, bila umeme. Fundi wa mbao aliweza: alisubiri bamvua chombo kipande juu kabisa, akafanya kazi yake kwa siku kadhaa, akakishusha bamvua jingine. Fundi wa plastiki hawezi kuchomelea kitu chenye unyevu. Na ufuo wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, kila kipande kinachotazama bahari kina mwenye kukitamani, na mvuvi hana hati ya pale anapolaza chombo chake isipokuwa mazoea ya babu zake.

Tazama jinsi tunavyogawa heshima. Mwaka 1697 meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu wakati wa mazingiwa makubwa. Baina ya miaka ya 1977 na 1980 wataalamu walipiga mbizi wakaichunguza kwa uangalifu mkubwa, wakapandisha vitu vyake, na leo vingi vyatazamwa katika jumba la makumbusho la Ngome. Ngome yenyewe iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia. Nafurahia yote mawili. Lakini mwanafunzi anayepelekwa pale anajifunza jinsi chombo kilivyozama, kisha anatoka, anapita juu ya ufuo ambao mtu anajitahidi chombo kisizame, na hakuna anayemwambia atazame chini.

Wenye kuhusika tunao. Kamati za usimamizi wa fukwe zimetambuliwa kwa kanuni za mwaka 2007. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka vyombo vya uvuvi viandikishwe. Serikali ya kaunti inatoza na kupanga. Makumbusho ya Taifa yanalinda Mji wa Kale. Ukimwuliza kila mmoja juu ya mtumbwi wa plastiki uliopasuka, naogopa utaelekezwa kwa mwenzake: huyu ataona ni uvuvi, yule ataona ni taka, wa tatu ataona si urithi kwa sababu haujafikisha umri. Mimi nasema ni urithi kwa sababu ya mikono inayoushika. Kumwandikisha mvuvi na kumkagua ni sawa. Lakini mkaguzi akimwambia chombo chako kibovu, lazima pawepo mlango wa pili wa kubisha, akitengeneze kwa bei anayoiweza. Vinginevyo atakisubiri giza likiingia akishushe vilevile.

Ninachokiomba hakizidi ukubwa wa uwanja wa mpira wa watoto. Nafasi ya kulaza vyombo sita au saba juu ya mstari wa maji ya bamvua. Banda la makuti, kwa kuwa jua la Mombasa ndilo adui wa kwanza wa plastiki. Mfereji wa maji baridi, waya wa umeme, pasi mbili za kuchomelea na bomba la hewa moto, vitu visivyoshinda gharama ya tamasha moja la jukwaani. Hapo wakae pamoja fundi wa mbao ajuaye chombo kinavyokaa majini, na kijana anayechomelea matangi ya maji mitaani ajuaye plastiki inavyoyeyuka. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na mpaka sasa hawajakutanishwa.

Kusi ikishika, vyombo vidogo vingi hupandishwa pwani hadi bahari itulie. Hiyo ndiyo miezi ya kutengeneza tangu enzi za mtepe. Banda likisimama kabla ya hapo, mtumbwi wa manjano wenye kiraka cha champali uwe wa kwanza kuingia.