Kijana anachonga sura ya babu kwenye ubao, mzazi uwe wapi?

MZAZI mwenzangu, kijana wako akianza kuleta nyumbani printa mbovu za mtaani, usikimbilie kusema anajaza takataka. Ndani yake kuna mota zinazozunguka kwa hatua ndogondogo, mikanda na vyuma vya kutelezea. Kwa vitu hivyo, bodi ndogo ya Arduino na programu ya bure iitwayo GRBL, mtu anaweza kuunda mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta.

Ikishawaka, mtoto atataka kuchonga picha, na pengine ya kwanza itakuwa ya babu aliyefariki. Hapo anakuhitaji.

Kwanza, linda picha yenyewe. Kama ipo moja tu, ipigeni kwa simu kwenye mwanga mzuri, kisha irudi kwenye albamu. Waulize pia ndugu wengine, maana sura ya marehemu si ya mtu mmoja. Zipo nyumba zisizotundika sura za watu ukutani. Huko achonge jina au jahazi.

Pili, msaidie kuelewa mashine inaona nini. Kompyuta huondoa rangi kwenye picha na kubakiza viwango 256 vya weusi na weupe. Penye giza kisu huzama, penye mwanga hubaki juu. Haijui kuwa pua imetokeza na macho yameingia ndani. Ndiyo maana babu mwenye ngozi nyeusi na kofia nyeupe anaweza kutoka kofia imetuna na uso umezama shimoni. Mashine si mbovu. Kabla ya kuchonga, uso uongezwe mwanga, kofia ipunguzwe, na vitu vya nyuma vifutwe. Kompyuta haimjui babu, wewe unamjua. Kaa pembeni useme, “Hapana, shavu lake halikuwa hivyo.”

Akitumia plastiki nyeupe, mambo hugeuka: penye mwanga ndipo huchongwa pakawa pembamba, na sura huonekana ukiweka taa nyuma. Ulaya walitengeneza picha za namna hiyo kwa kaure tangu miaka ya 1820.

Tatu, na hapa usilegeze, ni usalama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la MDF ni laini mno na lina gundi ndani yake. Kwa hiyo mashine isikae chumbani wala jikoni. Iwe barazani au stoo yenye hewa, mbali na watoto wadogo. Avae miwani na barakoa inayobana vizuri. Asivae glavu wala mikono mirefu inayoning’inia, kwa sababu kisu kinachozunguka huvuta nguo pamoja na mkono. Swichi ya kukata umeme iwe karibu.

Picha moja inaweza kuchukua saa kadhaa, na mashine isiachwe peke yake, kwani kisu kikikwama ubao huweza kuungua. Ukipeleka kiti na chai mkae wote, atamaliza kazi salama, nawe utapata nafasi ya kumsimulia babu yake alikuwa mtu wa namna gani.