Mkataba Usomwe, Usishangiliwe Tu

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, uliotiwa saini Kigali Machi 2018 na kuridhiwa na Bunge la Tanzania Septemba 2021, umesifiwa mno majukwaani na kusomwa kidogo maofisini. Hii ni hatari.

Wapo wanaodhani kwamba ushuru umefutwa wote kwa mara moja. Sivyo. Nchi zimejifunga kuuondoa hatua kwa hatua katika asilimia 90 ya aina za bidhaa: kwa miaka 5, au 10 kwa nchi zenye maendeleo duni. Asilimia 7 ni bidhaa nyeti, zitangoja zaidi; asilimia 3 zimebaki nje.

Lakini kiini hasa ni uasili wa bidhaa. Shati lililoshonwa Asia na kubandikwa nembo Afrika halistahili nafuu hiyo. Nalo la pamba yetu, likifika mpakani bila cheti cha uasili, litatozwa ushuru kama la kigeni. Mshonaji atayajuaje hayo iwapo ofisa biashara wa wilaya hayajui, na mwalimu angali akifundisha neno “huru” kana kwamba maana yake ni bure? Nakala za Kiswahili zipelekwe wilayani na shuleni, tena kabla ya shehena, si baada yake.