Urithi wa Chai Hauanzi Kwenye Birika



Huko Ulaya siku hizi chai ni somo. Wataalamu wanaichunguza, vitabu vinaandikwa, na ziko nyumba za makumbusho ya chai. Moja iko katika mji wa Norden, kaskazini mwa Ujerumani, katika eneo la Ostfriesland ambako watu hunywa chai kuliko Wajerumani wengine wote. Mwaka 2016 desturi yao ya kunywa chai iliingizwa katika orodha ya taifa lao ya urithi wa utamaduni. Mgeni hufundishwa: kwanza bonge la sukari ya mawe kikombeni, kisha chai ya moto mpaka sukari ilie, kisha malai kidogo, wala usikoroge. Vikombe ni vitatu. Ukiwa umetosheka, weka kijiko ndani ya kikombe. Usipoweka, utaendelea kumiminiwa.

Sisi hatuwacheki. Kila watu wana desturi zao, na sisi wa Cyangugu tuna chai yetu ya maziwa na tangawizi, ambayo asubuhi ya baridi hatuiachi. Tena ni jambo jema mtu kuutunza urithi wake na kuwafundisha watoto wake. Lakini hatuna budi kuuliza swali moja: urithi huo unaanzia wapi?

Tukisikiliza masomo mengi, chai ya Ulaya huanzia bandarini. Waholanzi waliileta mwanzoni mwa miaka ya 1600. Mwaka 1662 Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno, aliolewa na Charles wa Pili wa Uingereza, naye husifiwa kwa kuieneza chai katika jumba la mfalme. Mwaka 1706 Thomas Twining alifungua duka lake London. Mnada wa chai wa London ulianza mwaka 1679 ukafungwa mwaka 1998. Kwa zaidi ya miaka mia tatu bei ya jani ilitamkwa na watu wasiowahi kubeba kikapu mgongoni.

Hayo yote ni kweli. Lakini katika masomo ya namna hii majani ya chai hufika Ulaya kama mvua, yaani yanashuka tu. Mchumaji hayumo. Hayumo mtu wa Assam, huko India, aliyetolewa mbali na kwao katika karne ya 19 akafungwa kwa mkataba, na akitoroka sheria ikamruhusu bwana shamba kumkamata. Hayumo mtumwa wa visiwa vya Karibi aliyekata miwa ili chai ya Mwingereza ipate sukari. Na wanywaji wenyewe walilijua jambo hilo: mwaka 1791 na baadaye Waingereza wengi waliikataa sukari ile ili kupinga utumwa. Wako wataalamu wa Ulaya wanaofundisha habari hizi bila kuficha, nasi tunawashukuru. Lakini birika la fedha lina kabati lake la kioo, na kikapu mara nyingi hakina.

Sasa wengine watasema: ndugu, sisi tunadai mshahara, ninyi mnatuletea habari za makumbusho! Tumbo kwanza. Tunawajibu kwamba ni tumbo hilo hilo tunalolizungumzia. Sikilizeni.

Miaka si mingi iliyopita tulikaa mezani na wasimamizi wa shamba moja, ambalo hatulitaji. Tuliomba mchumaji aongezewe malipo ya kila kilo. Tukajibiwa kwamba kazi ya kuchuma haina ujuzi, mtu yeyote huijua kwa siku mbili. Tulikasirika, tukapiga meza, lakini hatukuwa na la kuonyesha. Wao walikuwa na karatasi na sisi tulikuwa na sauti. Tukatoka mikono mitupu.

Je, ni kweli kazi hii haina ujuzi? Mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi, kwa mikono miwili kwa pamoja, na jicho lake limeshafika kwenye tawi linalofuata. Akivunja chini mno, kichaka kinaumia. Akiacha juu mno, majani yanakomaa na yatakataliwa. Hakamui majani kiganjani wala hashindilii kikapu, kwa maana jani lililobanwa hupata joto na kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Hayo yote huyafanya kwenye mteremko wenye utelezi, katika mvua za milima ya Nyungwe. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne hadi tano za majani mabichi. Kila jani limepita vidoleni mwa mtu.

Na kiwandani? Mtu wa zamu ya usiku hushika majani yaliyonyaushwa, akayafinya, akajua kama yako tayari kuingia kwenye mashine ya kuponda na kukata. Kisha majani huachwa yachachuke, yakibadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Ipo saa ya ukutani, lakini pua ya mfanyakazi mzoefu ndiyo inayosema: sasa, peleka kwenye kikaushio. Akikosea nusu saa, chai imeharibika na mnunuzi wa mnada wa Mombasa ataijua mara moja.

Basi, ikiwa kumimina chai kikombeni ni urithi unaostahili kuchunguzwa na kufundishwa, kuichuma na kuitengeneza ni nini? Ni ujuzi, na ni urithi vilevile. Tukikubali kuitwa watu wasio na ujuzi, tutalipwa kama watu wasio na ujuzi. Tofauti yetu na watu wa Ostfriesland ni kwamba mambo yao yameandikwa, yetu hayajaandikwa.

Na muda unakwisha. Chai ilianza kulimwa Rwanda mwaka 1952, na mashamba ya Shagasha yalipandwa miaka ya 1960. Walioshika jembe siku zile sasa ni wachache na ni wazee sana. Kila msiba mmoja kati yao ni kitabu kilichozikwa. Hata siku yetu wenyewe tunaisahau. Leo Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Chai tarehe 21 Mei, lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba vyama vya wafanyakazi vilitangulia, vikaiadhimisha tarehe 15 Desemba 2005 mjini New Delhi?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila tawi lichague watu wawili wanaojua kuandika. Waende kwa wazee na wastaafu, waandike kwa Kinyarwanda na Kiswahili: shamba lilipandwaje, nani alimfundisha nani kuchuma, kiwanda kiliendeshwaje, watu waliumia wapi na vipi. Nakala moja ikae tawini. Ya pili isomwe katika shule za watoto wetu. Ya tatu ipelekwe kwa wenye makumbusho wa Ulaya, waiweke karibu na vikombe vyao. Na ya nne, ndugu, tutaingia nayo kwenye meza ya majadiliano.

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Tusingoje kuitwa. Tuandike.

Umoja ni nguvu!